Najipima Mwenyewe

Zombe, Kitui
12 Mei 2024

Mwanangu Muthoki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbotela. Sisi huku tu salama. Mvua ilinyesha kuliko tulivyotarajia, ndengu zimeshika maganda, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mjukuu wangu Ndete anakusalimu. Ndiye aliyenishikia karatasi hii isipeperushwe na upepo. Masikio yangu sasa yameisha kabisa. Nikipigiwa simu nabaki kusema "haloo, haloo" peke yangu, na maandishi ya simu ni madogo kama chawa. Ukinitaka, niandikie, umpe kondakta wa basi, aiache barua dukani kwa Mzee Mutie. Nitaichukua siku ya soko.

Wathome alipokuja alinionyesha picha yako. Sasa, mwanangu, ile ni nguo gani? Suruali imeunganishwa na blauzi, zipu imepanda kutoka tumboni hadi shingoni, kama watu wa gereji. Kisha akaniandikia kwenye karatasi kwamba umejishonea mwenyewe nyumbani, kwa pateni ulizozitoa kwenye kompyuta. Nilisikia kinyaa, nikaiacha chai yangu ikapoa. Una baba mdogo fundi, ambaye mabibi harusi wa Nairobi wanapanga foleni kwake Majengo, nawe unajikatia vitambaa chumbani kama mtoto aliyeokota mkasi.

Sikia neno langu. Wathome anaoa tarehe kumi na nne Desemba. Yeye ndiye kitinda mimba wangu na sitaki aibu. Wasichana wote wa ukoo watavaa nguo za aina moja, na zote zitashonwa na ndugu yangu Kitonga. Nimeshamwandikia. Nenda akupime kabla mwezi haujaisha.

Mimi shangazi yako,
Syombua


Mbotela, Nairobi
2 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umsalimie sana Ndete. Nimefurahi kwa habari za ndengu na za mapacha wa mbuzi. Huku maji taka yamefurika tena uchochoroni nyuma ya nyumba. Tumepanga mawe ya kukanyagia, na kila mtu anapita ameinua pindo na kuziba pua. Jirani yangu Beldina anasema mtu huzoea. Mimi sijazoea. Kazi ya ofisini inaendelea, makaratasi ya mizigo asubuhi hadi jioni, ndiyo maana nikirudi nyumbani nataka kitu kinachoonekana kimeanza na kimekwisha.

Ile nguo uliyoichukia, Shangazi, hujaishika. Ngoja nikueleze ninavyofanya. Pateni naichapisha saibaa, kwenye duka la kompyuta, kwa karatasi ndogondogo, kisha naziunganisha sakafuni kwa selotepu mpaka zinakuwa pana kama shuka. Kila mstari una kazi yake: hapa kata, hapa kunja, hapa acha nafasi ya mshono. Kisha najipima mbele ya kioo. Mgongo ndio mgumu. Nafunga kamba kiunoni, nabana ncha ya futi kwenye kola kwa pini, naiachia ishuke yenyewe hadi kwenye kamba. Mwanzoni mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake, nikafumua na kushona tena hadi kitambaa kikaanza kutoboka. Sasa najua. Nikiinua mikono nguo haipandi, nikikaa haibani. Na hakuna mtu aliyenigusa ili inikae hivyo.

Naomba unitumie kipande changu cha kitambaa cha harusi. Nitashona mtindo uleule na hakuna atakayeona tofauti. Kwa Kitonga siendi. Sitaki kupimwa. Naomba usiniulize zaidi ya hapo.

Wako,
Muthoki


Zombe
23 Juni 2024

Muthoki,

Hatujambo. Tumevuna ndengu za kutosha, ila wadudu wameingia kwenye gunia moja, na ukilifungua unaona zinatembea. Nimezimwaga zote kwa kuku. Simu ya Ndete nayo imekufa, iliangukia kwenye ndoo ya maji.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Mara mbili unaniambia usichotaka, na hakuna mahali unaniambia kwa nini. Tena naona unamwita baba yako mdogo kwa jina kavu, "Kitonga", kana kwamba ni mtu wa kukutana naye sokoni. Huyo mtu nilimbeba mgongoni. Mama yetu alipougua, mimi ndiye niliyemlisha Kitonga uji. Mimi ndiye niliyemshikisha sindano, hapohapo Mbotela, nilipokuwa karani wa baraza la jiji naye akiwa kijana hana kazi. Leo ni mzee wa kanisa na watu wanasimama anapoingia. Baba yako alipofariki, nani aliyekushonea nguo za shule? Gauni lako la mahafali nani alilishona? Picha yake iko hapa ukutani, na kila mgeni anauliza fundi ni nani.

Nikisikia mtoto anasema "sitaki kupimwa" na mtu wa damu yake, mimi ndiye ninayesikia kinyaa. Umejifunza maringo.

Nimeamua jambo jingine, na lenyewe halihitaji ruhusa yako. Ndete ni msichana wa miaka ishirini sasa na hana la kufanya hapa. Ataenda kwa Kitonga ajifunze ushonaji. Atakaa dukani mchana, na usiku atalala nyumbani kwa Kitonga, kwa mkewe Rispa. Anaondoka mwezi ujao.

Shangazi yako


Mbotela
30 Juni 2024

Shangazi,

Leo sitauliza habari za nyumbani, unisamehe. Usimtume Ndete. Ningempigia simu lakini umesema imekufa. Wathome yuko safarini na lori, na hili si la kumwambia mtu anayeendesha gari. Kwa hiyo naandika, na kondakta ameniapia barua itafika.

Ulikuwa umeamua nishonewe gauni la mahafali. Nilikwenda Majengo mchana, nikiwa na furaha yangu, mtu mzima aliyemaliza chuo. Dukani kulikuwa na wanawake wengine, na kila kitu kilikuwa sawa. Walipotoka, Kitonga aliteremsha pazia la mlangoni. Sijui kama umewahi kumwona akilamba kidole gumba kabla ya kuvuta futi. Kidole chenye mate. Alinipima kifua, akasema namba imemtoka kichwani, akapima tena, na tena, na mkono ukawa haushiki futi tena. Nilimwambia, "Baba Mdogo, inatosha." Akacheka. "Tulia, mwanangu. Wewe ni damu yangu. Fundi hana aibu."

Nilisimama kama gogo. Alinuka ugoro na dawa ya kifua, na mpaka leo mtu akifungua dawa hiyo ofisini mimi natoka nje.

Gauni lilipokuja lilinikaa vizuri sana. Hilo ndilo lililonitia kichefuchefu kuliko yote: kwamba mikono ile ilikuwa imenijua kiasi hicho. Nililivaa kwa sababu ninyi nyote mlisafiri kuja kunipongeza. Jioni nililikata vipande, nikavitupa kwenye maji taka. Mwezi uliofuata nilinunua cherehani.

Usimtume Ndete, Shangazi. Nakuomba.

Muthoki


Zombe
8 Julai 2024

Mwanangu Muthoki,

Haya machache tu, basi liko karibu kuondoka. Kama umeniandikia, sijapata. Mutie amefunga duka, ameenda mazishini Mwingi, na soko limepita bila yeye. Nilikasirika sana katika barua iliyopita na sasa nimepoa kidogo. Ndete aliondoka juzi, na kondakta ameleta habari kwamba amepokelewa salama na Kitonga. Nimetuma naye kitambaa cha harusi, cha wasichana wote. Jumapili mpitie mwonane, mle pamoja, yaishe.

Shangazi


Mbotela
13 Julai 2024

Shangazi,

Barua yako niliipata ofisi ya mabasi Alhamisi, saa ya chakula. Sikurudi kazini. Nilipita nyumbani kuacha makaratasi ya ofisi, na Beldina akaniita kutoka mlangoni, "Niaje Muthoki, mbona unakimbia hivyo?" Nilimpungia mkono nikaendelea.

Mkabala na duka la Kitonga kuna dada anayeitwa Sagal, anauza vifungo, nyuzi na zipu. Mimi hununua kwake. Aliponiona alitoka nje akanijia.

"Muthoki, yule msichana aliyeletwa majuzi ni wenu?"

"Ni wetu."

"Basi ingia haraka. Pazia limeshuka tena."

Tena.

Nililivuta lile pazia mpaka likakatika. Ndete alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono juu, macho darini, amekakamaa kama mtu anayesubiri sindano ya daktari. Kitonga alikuwa amemkaribia kwa nyuma, karibu mno. Futi ilikuwa inaning'inia shingoni kwake mwenyewe. Haikuwa inapima chochote.

"Aa, Muthoki," akasema, na hata hakuharakisha kusogea. "Na wewe umekuja kupimwa?"

Nikamwambia Ndete ashuke, achukue begi lake.

"Unaniharibia kazi," akasema Kitonga, sasa kwa sauti kubwa maana wanawake walikuwa wamesimama mlangoni. "Nguo haipimwi kwa macho. Fundi lazima ashike mwili, la sivyo nguo haikai. Wewe unayejishonea chumbani, unajua nini?"

"Najua futi huwekwa kwa anayepimwa," nikasema. "Yako iko shingoni mwako."

Mwanamke mmoja akasema wasichana wa siku hizi hawana heshima. Mwingine akacheka. Sagal alikuja akamshika Ndete mkono, na tukatoka watatu katikati yao.

Ndete yuko kwangu. Aliingia bafuni akaoga mpaka maji ya mitungi yote yakaisha, na Beldina akatuletea ya kwake. Amelala kwenye zulia kando ya cherehani, amejifunika shuka mpaka kichwani ingawa kuna joto.

Barua yangu ya tarehe thelathini itakufikia duka likifunguliwa. Isome, kisha usome hii.

Muthoki


Zombe
18 Agosti 2024

Muthoki,

Hapa hatujambo. Jua limekuwa kali na kisima cha chini kimebaki matope. Mmoja wa mapacha wa mbuzi amekufa. Alikutwa na funza tayari, na nilimzika mwenyewe. Mke wa Mutie amejifungua mtoto wa kike.

Nimepata barua zako zote mbili siku moja.

Kitonga alikuja. Alikuja na sukari na kanga mpya, akakaa nami kutwa nzima, akaniandikia maneno yake kwenye daftari kurasa nyingi, kwa mwandiko mzuri. Anasema ufundi ndivyo ulivyo. Anasema huwezi kupima bila kushika, na kwamba wewe una kichwa cha mitandao, umemtia mtoto woga. Anasema umemvunjia jina mbele ya wateja. Mapadri, anasema, hupimwa hivyohivyo.

Sijui ufundi wa siku hizi. Mimi nilishona vifungo na mapindo tu.

Mwambie Ndete aniandikie yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Usimwambie la kuandika.

Syombua


Mbotela
7 Septemba 2024

Shangazi,

Nakusalimu, na pole kwa mbuzi. Huku maji taka yamezibuliwa, harufu imebaki.

Nilimpa Ndete karatasi na kalamu siku niliyopata barua yako. Alikaa nazo siku nyingi. Anaamka, ananywa chai, anaosha vyombo, anarudi kuikodolea macho karatasi. Kule nje nako hakukaliki. Wanawake wa kanisa la Kitonga wamenipigia simu, wananiambia nimtumie ujumbe wa kuomba radhi. Mmoja aliniambia mwanamke mwenye haya angenyamaza. Nilimwambia haya yangu imelindwa vizuri kwa miaka hii yote, na aliyefaidi ni Kitonga peke yake.

Siku moja Ndete aliniona nimetandaza pateni sakafuni. Akachuchumaa. "Huu mstari ni wa nini?" Hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu Julai. Nikamweleza. Akauliza, "Na wewe hupimwa na nani?" Nikasema, "Najipima mwenyewe." Akachukua futi mezani, akaingia nayo bafuni, akafunga mlango kwa komeo. Alipotoka alikuwa ameandika namba zake kwenye kiganja. Siku hiyohiyo alikuandikia. Sijaisoma. Nimeifunga kama alivyoikunja, iko ndani ya bahasha hii.

Muthoki


Zombe
20 Oktoba 2024

Mwanangu Muthoki,

Nimechelewa kukujibu, nisamehe. Mvua imeanza, tumepanda, na mwili wangu una nguvu. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Karatasi ya Ndete ilikuwa na mistari michache. Aliandika: "Nyanya, siku ya kwanza nilidhani ni kazi. Siku ya pili nikajua si kazi, kwa sababu aliponipima hakuandika namba yoyote." Basi. Niliisoma nikiwa nimesimama uani, na sikukaa mpaka jua lilipozama. Fundi asiyeandika namba! Hata mimi wa mapindo na vifungo najua.

Lakini nilitaka aone yeye, na watu waone. Nilimwandikia Kitonga kwamba yameisha, aje na mkewe Rispa, alete zile nguo za wasichana alizokwisha kukata, na mimi nipimwe ya kwangu ya harusi. Akaja anatabasamu. Nilikuwa nimemwita Wathome, na Mzee Mutie na mkewe. Tukala. Kisha nikasimama katikati ya sebule nikamwambia, "Haya, nipime."

Akatoa futi. Muthoki, mimi sisikii lakini naona. Aliishika kwa ncha za vidole. Aliizungusha kwa mbali, akageuza uso pembeni kwa adabu, akanigusa kidogo begani kuniomba niinue mkono. Kila namba akaiandika.

Nikamwambia, "Sasa mpime mke wa Mutie, naye nataka ashonewe." Yule bado ni mwanamke kijana na mumewe alikuwa amekaa hapo na fimbo yake magotini. Kitonga akampima. Kifua, kiuno, nyonga. Alimpima kama mtu anayeondoa sufuria ya moto mekoni. Hakuna mahali mkono wake ulikaa. Hakulamba kidole.

Ilipokwisha nikamwambia, "Kumbe unaweza kupima bila kushika."

Alielewa hapohapo. Uso wake ukawa kama unga uliomwagiwa maji. Nikachukua daftari alilokuwa ameniandikia Agosti, nikamsomea kwa sauti palepale alipoandika kwamba haiwezekani. Kisha nikasoma mistari ya Ndete. Midomo yake ikaanza kwenda. Sikusikia alichosema, na sikumwomba arudie. Mutie alisimama, akamshika mkewe, wakatoka nje. Rispa aliyekuwa amekaa kando ya mumewe alisogea taratibu mpaka mwisho wa kochi, kisha akakimbia, na tulimkuta nyuma ya jiko akitapika. Wathome alimshika Kitonga kola akamtoa mpaka barabarani. Sikumzuia. Nilimbeba mgongoni mtu huyu, Muthoki. Nilimtafunia chakula alipokuwa hana meno. Sasa nikikumbuka mate yake na yangu kwenye kijiko kimoja nataka kujisugua ulimi.

Zile nguo alizokata nimezitumbukiza chooni, zote, na kanga yake, na sukari. Picha ya mahafali nimeitoa ukutani. Sikujua ulikuwa umesimama na nini pale unatabasamu.

Ndugu wengine wamekasirika. Wanasema ningemwita faraghani. Wawili wamesema hawaji harusini. Wasije. Wathome amenunua kitambaa kingine na kitakuja na basi la Jumanne. Mshone ninyi wenyewe, mtindo mtakaouchagua, hata kama ni wa gereji.

Sijui kama Ndete atataka kuniona, maana mimi ndiye niliyempandisha basi. Nimwandikie au nimngoje?

Shangazi yako,
Syombua


Mbotela
17 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Tumepata kitambaa, na salamu, na ndengu. Asante. Mwandikie Ndete. Hajakukasirikia wewe, lakini ana aibu kwamba ulisoma ile karatasi mbele ya watu, na ana haki. Mwombe radhi kwa hilo, kwa hilo tu.

Sebule yangu haipitiki. Pateni zimetandazwa kutoka mlangoni hadi kitandani. Tumechagua gauni lenye mikono mipana na mifuko, kiuno kimekaa juu kidogo. Kila msichana wa ukoo amejipima kwao na kuleta namba zake mwenyewe, na mmoja tu ndiye aliyekosea, akatuletea kiuno kikubwa kuliko nyonga. Tulicheka mpaka Beldina akagonga ukuta. Ndete ndiye anayekata.

Juma lililopita Rispa alikuja. Sikumtarajia. Alisimama mlangoni na mkoba kifuani, hataki kuingia. Alisema ameondoka kwa Kitonga na yuko kwa dada yake, mtaa wa Pipeline. Alisema miaka hii yote wasichana waliokuja kujifunza kazi walikuwa wanaacha baada ya muda mfupi, na Kitonga akimwambia nyumbani kwamba ni wavivu, naye akiwaita wavivu pia. Ana majina ya baadhi yao. Amewatafuta. Wawili wamekubali kusema.

"Mimi nimelala na harufu ile," aliniambia. "Siwezi tena."

Basi jana tulikwenda kituo cha polisi, Rispa, wale wanawake wawili, Sagal, Ndete na mimi. Sikukuandikia kabla kwa sababu sikuwa na hakika tutafika. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na askari mmoja aliyeuliza kama tumekuja kushtakia nguo iliyoharibika, na mwenzake akacheka. Kitonga anajulikana pale. Amewashonea wake zao. Nilitaka kugeuka kurudi, Shangazi. Nilisikia ile harufu ya dawa ya kifua ingawa hapakuwa na mtu aliyeifungua.

Sagal ndiye aliyesema, "Tunataka askari mwanamke, na tutasimama hapa mpaka aje." Tukasimama. Watu waliingia na kutoka, wakitutazama. Mwisho akaja mwanamke mwenye miwani, akatupeleka chumba cha nyuma, akafungua kitabu chake. Akatuangalia usoni mmoja mmoja.

"Nani anaanza?" akauliza.

Nilikuwa nimejipanga kuanza mimi. Mimi ndiye mkubwa, na ya kwangu ndiyo ya zamani. Nilishafungua mdomo. Ndete akavuta kiti mbele yangu, akakaa, akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza.

"Naitwa Ndete Kilonzo," akasema. "Andika."

Muthoki